Mlokole ni nani hasa? Tunachanganya mambo mengi

Mtu akikataa bia kwenye sendofu anaambiwa "acha ulokole wako bwana", binti akivaa sketi ndefu basi mlokole, jirani akikesha kwenye maombi na spika mpaka alfajiri nae mlokole. Neno tunalitumia kila siku ila maana yake tumeipotosha sana, na mimi linaniuma kwa sababu lina historia nzito.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba mlokole = mpentekoste. Sio kweli jamani. Ulokole ulianza kama uamsho, yaani mwamko wa kiroho ndani ya kanisa, na walokole wa mwanzo walikuwa Waanglikana, wengi wao walibaki hukohuko kwenye kanisa lao, hawakuanzisha dhehebu. Neno lenyewe ni la Kiganda, balokole, yaani waliookoka, sisi tukatoa ba- tukaweka wa-. Hata Walutheri wa Bukoba uamsho huu uliwafikia, Askofu Josiah Kibira alikuwa mtu wa uamsho na bado akaja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Wengine wanasema ulokole uliletwa na wahubiri wa Kimarekani. Hapana. 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, halafu moto ukawaka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali alikokuwa anafanya kazi Church, na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa anafundisha hapohapo. Kigozi alifariki 1936 akiwa bado kijana.

Halafu kuna hili la "walokole wanajiona hawana dhambi". Hapa ndo watu wanakosea kabisa, maana kiini cha ulokole ni kutubu, tena hadharani. Kwenye fellowship, yaani mkusanyiko wao wa maombi, mtu anasimama mbele ya wenzake anataja alichofanya kwa jina lake, niliiba, nilimdanganya mke wangu, nina chuki na ndugu fulani, kisha wote wanaimba Tukutendereza Yesu (Kiganda, "tunakusifu Yesu") na kumkumbatia. Na haiishii kwenye kuimba, kitu ulichoiba unakirudisha kwa mwenyewe, jembe, shuka la hospitali, hela, unabisha hodi mchana kweupe unasema nilikuibia hiki nisamehe. Hapo mchungaji na mpishi wake wanakaa sawa, wanaitana ndugu, na enzi za ukoloni hata mzungu alitubu mbele ya Waafrika. Asiye na dhambi angetubu nini sasa?

Eti pia ni watu waoga wa kukwepa mambo ya nchi. Kenya wakati wa Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni, wapo waliokataa kula kiapo cha wapiganaji wakauawa, na walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole, alimpinga Idi Amin waziwazi na akauawa Februari 1977. Mwenzake Askofu Festo Kivengere alikimbia nchi na mkewe, na akiwa uhamishoni akatangaza kwamba amemsamehe Amin.