Wasikithi: makaburi yao yanasema vingine

Msomaji wa Biblia huenda amepishana nao katika Wakolosai 3:11, ambako maandishi ya Kigiriki yanamtaja Msikithi ubavuni mwa mshenzi. Sifa hiyo imewaganda wafugaji hawa wa kale waliohamahama, pamoja na madai mengine yanayofuata hapa.

“Walikuwa Wamongolia.” Hapana. Genghis Khan alikuja zaidi ya miaka 1,000 baada yao. Lugha zao zilikuwa na undugu na Kiajemi, na nyika zao zilikuwa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, Ukraine na kusini mwa Urusi ya leo. Jamii zenye utamaduni kama wao zilienea hadi milima ya Altai, Siberia, ndiko yaliko makaburi ya Pazyryk. Kuwaita wa huko Wasikithi ni kulegeza jina kidogo, ila mazoea yameshashinda.

“Walizikwa kwenye barafu, ndiyo maana hawakuoza.” Hii ndiyo niipendayo, kwa sababu wa kushukuriwa ni mwizi. Watu wa Pazyryk walichimba shimo, wakajenga chumba cha magogo ndani yake, kisha wakarundika mawe juu. Mawe yale yalipitisha baridi kali na kuzuia joto la kiangazi. Wezi wakatoboa paa, wakabeba dhahabu, wakaacha tundu wazi. Maji yakapenya, yakaganda, yakabaki hivyo zaidi ya miaka 2,000. Mwanaakiolojia Sergei Rudenko, aliyechimba huko miaka ya 1947 hadi 1949, ilimbidi amwage maji ya moto ili afike chini. Katika kaburi la tano alikuta zulia la mafundo, karibu mita 2 kwa 1.83, lenye safu za wapanda farasi na paa wanaotembea. Hakuna zulia zima la aina hiyo linalojulikana kuwa kongwe kuliko hilo. Lipo katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Mwizi aliliacha, halikuwa dhahabu.

“Herodotus alitunga.” Mgiriki huyu wa karne ya 5 KK aliandika kwamba baada ya maziko Wasikithi walijitakasa ndani ya kihema kidogo, wakirusha mbegu za bangi juu ya mawe ya moto na kupiga kelele kwa raha. Ilionekana porojo. Kisha kaburi la pili la Pazyryk likatoa fito sita za kihema na chombo cha shaba chenye mawe na mbegu za bangi zilizoungua. Anasema pia kwamba maiti wa mtu wa kawaida alizungushwa kwa marafiki zake siku 40, kila nyumba ikiandaa karamu, ndipo akazikwa. Kwetu arobaini huhesabiwa baada ya maziko.

“Yule wa Ukok alikuwa binti mfalme.” Mwanaakiolojia Natalia Polosmak alimfukua mwaka 1993 huko Ukok, uwanda wa juu katika Altai: mwanamke kijana mwenye tatuu begani, wigi kichwani, farasi sita pembeni na nyama ya kondoo ikiwa bado kwenye sinia. Jeneza la gogo lilichongwa refu kuliko mwili ili kofia yake ndefu ipate nafasi. Heshima hiyo yote, lakini kaburi lenyewe ni dogo mno kwa ukoo wa kifalme. Makaburi ya wakubwa ni vilima vya mawe. Tangu 2012 yupo kwenye makumbusho ya Gorno-Altaisk, na wenyeji wengi wa Altai wangali wanadai arudishwe kaburini.