Homa ya maziwa si homa

Wafugaji wengi wameamini kwa muda mrefu kwamba ng'ombe anayeanguka muda mfupi baada ya kuzaa ameshikwa na homa, kwa sababu ugonjwa wake huitwa homa ya maziwa. Jina hilo linapotosha, na upotoshaji huo huua. Kiini cha ugonjwa huu ni upungufu wa ghafla wa kalsiamu katika damu, kwa kuwa maziwa ya kwanza huchota madini hayo kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuyafidia kutoka kwenye mifupa na malisho. Ndiyo maana masikio huwa ya baridi na joto la mwili mara nyingi hushuka. Dawa za homa hazimwinui. Anahitaji kalsiamu, ambayo daktari wa mifugo huiingiza polepole mshipani, maana ikiingia haraka yaweza kusimamisha moyo.