Kabla ya Kuuliza Aina ya Chumba Melini, Uliza Juu Yake Kuna Nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu safari za meli za kitalii ni hili: "Nichukue chumba cha ndani au chenye roshani?" Nami kabla ya kulijibu huuliza langu. Hicho chumba kiko wapi? Kiko sitaha ya ngapi, yaani ghorofa ya ngapi ya meli, upande wa omo (mbele), wa tezi (nyuma), au katikati? Juu yake kuna nini, na chini yake je?

Hili nililijua kabla sijawa wakala wa safari, enzi nikitandika vitanda melini. Katika ujia niliokuwa nikiuhudumia kulikuwa na chumba chenye roshani, cha bei kubwa kuliko vyote vya ujia ule, na walikaa humo mzee mmoja na mkewe. Asubuhi ya pili nilipobisha hodi, mzee alinifungulia macho yakiwa mekundu. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hivi hao watu wa juu hawalali?"

Juu yao hapakuwa na watu. Palikuwa na sitaha ya bwawa la kuogelea, na kila siku saa kumi na moja alfajiri mabaharia waliburuta viti vya kuotea jua, viti mamia, ili waoshe sakafu kabla abiria hawajaamka. Nilisimama mle chumbani nikasikiliza: kila mguu wa kiti ulikwaruza dari kama ukucha juu ya bati. Meli ilikuwa imejaa, pa kuwahamishia hapakuwapo. Siku zilizobaki wale wazee walifidia usingizi wao mchana, pazia likiwa limefungwa, na roshani waliyoilipia wakaitumia kuanikia taulo. Sitaha tatu chini yao, katika chumba kisicho na dirisha, kijana mmoja alikuwa akilala fofofo mpaka nimgongee.

Tangu siku ile naamini kwamba aina ya chumba huamua utaona nini, na mahali kilipo huamua kama utalala. Watu huumiza kichwa kwa la kwanza na la pili hawaliulizi kabisa.

Kila kampuni hutoa ramani ya sitaha, na kwangu ramani hiyo ina thamani kuliko picha zote za vitanda vilivyopambwa. Fungua kurasa tatu kwa pamoja: sitaha ya chumba chako, ya juu yake na ya chini yake. Chumba kizuri ni kile kilichozungukwa na vyumba vingine juu, chini na ubavuni, kwa sababu majirani nao usiku wanalala. Chumba kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitakuletea mdundo wa besi kupitia chuma mpaka usiku wa manane. Sauti ya mwimbaji hutaisikia, ila godoro litatetemeka. Na ukiona kwenye ramani mahali pameachwa peupe, hapana namba wala jina, usidhani hapana kitu. Melini hakuna nafasi ya bure. Pale peupe ndipo penye jiko, stoo, au njia ya wafanyakazi wanaosukuma matoroli saa ambazo wewe umelala.

Lifti yenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyoogopa. Kinachosumbua ni wanaoisubiri, hasa wanaorudi kutoka kwenye dansi wakiendelea na hadithi zao. Milango mitano au sita kando yake inatosha. Angalia pia alama ndogo inayoonyesha mlango wa kati unaounganisha vyumba viwili. Kwa familia yenye watoto mlango huo ni neema, lakini kwa mtu mwenye usingizi mwepesi ni balaa, kwa sababu hauzibi sauti kama ukuta unavyoziba. Nimewahi kumsikia mgeni akimjibu jirani yake "afya!" baada ya jirani huyo kupiga chafya.

Sehemu nyingine ya kelele ni ncha za meli, sitaha za chini. Omoni kuna rafadha (propela) za ubavuni, zile zinazoisukuma meli kwenda kando inapokaribia gati. Meli nyingi hufika bandarini alfajiri, kwa hiyo aliyelala chini kabisa mbele huamshwa na mngurumo na mtetemo ambao asiyeujua hudhani meli imepanda mwamba. Meli ikitia nanga badala ya kufunga gatini, mnyororo nao hutoa sauti yake. Tezini kuna rafadha kubwa na injini zake, na huko mtetemo huwa hauishi mradi meli inatembea.

Kisha kuna msukosuko. Mabaharia wa zamani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku hizi methali hiyo hutumika kwa mtu anayezunguka kote na mwisho akarudi kwao, lakini ichukue kama ilivyo, kwa maana ya chombo chenyewe, na utapata ushauri bora kwa mtu anayelevywa na bahari. Ngama ni tumbo la chombo, chini na katikati. Meli ikikutana na wimbi, omo hupanda na tezi hushuka, kisha kinyume chake, kama ubao wa pembea ya watoto: wa nchani wanarushwa, aliyekaa katikati hasogei sana. Na meli ikienda mrama, yaani ikiyumba ubavu kwa ubavu, wa juu huyumba zaidi ya wa chini, kama kilele cha mti kinavyoyumba huku shina limetulia. Meli za kisasa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza mrama kwa kiasi kikubwa, ila kule kupanda na kushuka kwa omo hayana la kufanya. Kwa hiyo anayeugua baharini atafute chumba cha katikati, sitaha ya chini. Inatokea mara nyingi kwamba hivyo ndivyo vyumba vya bei nafuu, na vile vya juu kabisa, vinavyoyumba zaidi, ndivyo ghali. Lifahamu jambo hili kabla hujalipa.

Sasa aina zenyewe.

Chumba cha ndani hakina dirisha. Ukubwa wake kwa kawaida ni mita za mraba 13 hadi 17, na watu hushangaa nikiwaambia kwamba chumba chenye roshani mara nyingi hakikizidi sana kwa ndani. Kinachoongezeka ni roshani yenyewe. Giza la chumba cha ndani ni giza totoro. Ukizima taa huoni kiganja chako, na ukiamka hujui kama ni saa nane usiku au saa nne asubuhi. Kuna wanaolipenda giza hilo na wakalala kuliko wanavyolala nyumbani. Kuna pia ambao kifua huwabana usiku wa kwanza tu. Wewe ni yupi, unajijua. Ukikichukua, beba taa ndogo ya usiku ya betri, au acha televisheni ikiwa imewashwa bila sauti kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli, ambayo meli nyingi wanayo: usiku ni nyeusi, kukicha chumba kinaingia mwanga polepole pamoja na bahari. Tangu mwaka 2011 meli ya Disney Dream imeweka katika vyumba vya ndani skrini za mviringo mfano wa dirisha, zinazoonyesha bahari ya nje kwa wakati uleule, na kampuni nyingine zimefuata kwa namna yao.

Neno moja zaidi kuhusu chumba cha ndani kwa wanaougua. Sikio la ndani linahisi mwendo, jicho linaona kuta zilizotulia, na mgongano huo ndio unaoleta kigegezi. Anayeweza kuona upeo wa macho hupata nafuu. Hivyo kama unaugua na fedha inaruhusu, cha dirisha, chini na katikati, ndicho ningekuchagulia, hata mbele ya chenye roshani kilicho juu.

Mwezi Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona, abiria walibaki vyumbani kwa wiki mbili, na waliokuwa vyumba vya ndani walitegemea zamu fupi za kutolewa sitahani kuvuta hewa. Simtishi mtu, jambo lile lilikuwa la nadra sana. Lakini hata ugonjwa mdogo wa tumbo unaweza kumfanya daktari wa meli akuamuru ubaki chumbani siku mbili, na mwenye mashaka ya kufungiwa azingatie hilo.

Chumba chenye dirisha ndicho kinachosahauliwa, nami nakipigia debe kila nipatapo nafasi. Dirisha halifunguki, lakini una mchana na usiku, unajua hali ya hewa kabla hujachagua nguo. Shida yake moja ni mashua za uokozi. Hizo huning'inia ubavuni kwenye sitaha fulani, na vyumba vilivyo nyuma yake huuzwa kwa bei ya chini kwa maelezo kwamba mwonekano umezibwa. Vingine vimezibwa kabisa, unaona tumbo la mashua tu. Vingine vimezibwa robo, na hivyo ni nafuu ya kweli. Namba za vyumba hutofautiana hatua chache tu, kwa hiyo uliza namba kwa namba.

Kuhusu roshani nina mengi. Zamani ilikuwa anasa ya wachache. Meli ya Royal Princess ilipoanza kazi mwaka 1984 ilikuwa habari kubwa kwamba vyumba vyake vyote, bila kubakisha, vinatazama nje. Leo roshani ni kitu cha kawaida, na kwa sababu ni kawaida watu huilipia bila kufikiri njia ya safari. Meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa hujitengenezea upepo wa karibu kilomita 37 kwa saa, hata siku ambayo hewa imetulia. Ongeza upepo wa mbele, na roshani ya karibu na omo haikaliki. Ukivuka Atlantiki majira ya baridi utafungua ule mlango mara tano, uufunge mara tano. Lakini kwenye njia yenye mandhari ya karibu, kama ghuba nyembamba za Norwei au pwani ya Alaska, roshani inarudisha kila senti: unaketi na blanketi na kikombe, milima inapita mbele yako saa nzima, na hakuna anayekuziba.

Hapo sasa upande una maana. Ukipanda na pwani ya Norwei kuelekea kaskazini, nchi kavu iko kulia. Ukirudi, iko kushoto. Safari ya kwenda na kurudi inasawazisha, safari ya njia moja haisawazishi. Mbele ya barafu kubwa za Alaska usihofu, kwa sababu kwa desturi nahodha huigeuza meli polepole ili pande zote mbili zione. Na ukivuka Atlantiki kuelekea magharibi, jua litakuwa zaidi upande wa kushoto, upande wa kusini, kwa hiyo anayeotea jua achague huko na anayelikimbia achague kulia.

Roshani za tezini nazipenda kwa namna ya pekee. Zimekingwa upepo, mara nyingi ni pana kuliko za ubavuni, na mkondo mweupe wa maji unaoachwa nyuma ya meli unaweza kuutazama jioni nzima. Gharama yake ni ule mtetemo, pamoja na mwendo mrefu kila unapotaka kwenda mbele: Oasis of the Seas, kwa mfano, ina urefu wa zaidi ya mita 360. Meli hiyohiyo, iliyoanza safari mwaka 2009, ina roshani zisizotazama bahari bali bustani iliyo katikati ya meli. Ni nzuri, zina miti, ila jirani wa ng'ambo anakuona na kahawa yako. Ukisoma neno roshani, uliza inatazama nini.

Wavutaji wasiichague roshani kwa ajili ya sigara. Mwaka 2006 moto ulizuka kwenye roshani ya Star Princess karibu na Jamaika, ukala vyumba vingi na abiria mmoja akapoteza maisha. Wachunguzi waliona kipande cha sigara ndicho chanzo cha kudhaniwa zaidi. Sheria za kimataifa za vifaa vya roshani zilikazwa, na kampuni nyingi leo zinakataza kabisa kuvuta hapo.

Suiti, vile vyumba vikubwa vya kifahari, sitazisemea sana. Mwenye uwezo nazo hununua nafasi na huduma, na kanuni ya ramani haimwachi: suiti chini ya bwawa ni suiti yenye kelele. Anayesafiri peke yake ajue kwamba bei hupangwa kwa watu wawili, naye hulipishwa karibu ya wawili, isipokuwa kwenye meli zenye vyumba vya mtu mmoja, mfano wa Norwegian Epic iliyoanza mwaka 2010 na vyumba 128 vya namna hiyo. Vyumba hivyo huisha mapema. Vya watu wa viti vya magurudumu huisha mapema zaidi, na asiyeviwahi atakutana na kizingiti cha bafu, ambacho kwenye vyumba vya kawaida ni cha juu.

Mwisho kuna ile ofa ambayo unalipia aina tu, namba ya chumba wanakupangia wao siku za karibu na safari. Bei yake inavutia, na wakati mwingine hupandishwa daraja. Mwenye usingizi mzito namruhusu. Mwenye usingizi mwepesi, au anayeugua baharini, namkatalia waziwazi hata akinikasirikia, kwa sababu vyumba vinavyobaki mwisho ni vile ambavyo waliosoma ramani wameviruka. Na ukifika ukakuta kelele, nenda mapokezi siku hiyohiyo ya kwanza, kabla meli haijang'oa nanga. Wapo abiria ambao hawakutokea gatini, na vyumba vyao hugawiwa jioni ile.