Wafanyakazi kununua kampuni: hela inatoka wapi?

“Hela tutatoa wapi?” Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wafanyakazi kila ninapoitwa kwenye kampuni ambayo mwenyewe anataka kustaafu na kuwaachia. Wanatazama mitambo, wanatazama mishahara yao, wanakata tamaa kabla vitabu havijafunguliwa. Jibu langu ni kwamba bei hailipwi na mishahara. Inalipwa na faida ya kampuni, kidogo kidogo, na mzee anapokea fedha zake akiwa hai na mwenye nguvu.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam, chenye wafanyakazi 14. Faida kabla ya kodi ni shilingi milioni 90 kwa mwaka. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 inachukua milioni 27, zinabaki 63. Tuseme mthamini na pande zote mbili wamekubaliana bei iwe mara nne ya faida hiyo, yaani milioni 252. Milioni 42 zinatolewa mwanzoni kutoka kwenye akiba ya kampuni. Milioni 210 zilizobaki ni deni ambalo wafanyakazi wanamlipa mwenye mali, milioni 35 kila mwaka kwa miaka sita. Kila mwaka kiwanda kinabakiwa na milioni 28 za kununua vipuri, kukabili dharura na kutoa gawio dogo. Hapa sijaweka riba wala kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye gawio, ili hesabu isomeke kirahisi. Kwenye mkataba halisi vyote viwili lazima viwemo.

Hesabu hiyo huharibikia kwenye ile faida ya mwanzo. Mchapaji anajua mwaka wa uchaguzi ulivyo: mabango, fulana, vipeperushi, mashine hazizimwi usiku. Mwenye mali akileta vitabu vya mwaka huo peke yake na kutaka bei ipigwe juu yake, wafanyakazi watabeba deni ambalo miaka ya kawaida haiwezi kulilipa. Kwa hiyo huwa nadai hesabu za miaka mitano, na mwaka wa uchaguzi tunaupigia hesabu yake pembeni. Nadai pia kipengele cha mwaka mbaya: faida ikishuka chini ya kiwango mlichoandika, marejesho ya mwaka huo yanapungua na muda unasogezwa mbele. Wazee wengi hukipinga kipengele hiki mwanzoni. Huwaambia kwamba kiwanda kikifungwa kwa kubanwa na deni, na wao hawatalipwa.

Wenzetu walitutangulia. Marekani ilitunga sheria ya jambo hili mwaka 1974, na kwa njia hiyo Bob Moore wa Oregon, siku alipotimiza miaka 81 mwaka 2010, aliwatangazia wafanyakazi wake wa Bob's Red Mill kwamba kampuni inahamia kwao. Umiliki wote ulikamilika mwaka 2020. Uingereza, tangu 2014, kuna aina maalumu ya mfuko wa wadhamini unaoshika zaidi ya nusu ya hisa kwa niaba ya wafanyakazi wote. Julian Richer aliuuzia mfuko kama huo asilimia 60 ya maduka yake ya Richer Sounds mwaka 2019, akiwa na miaka 60, kisha akamlipa kila mfanyakazi pauni 1,000 kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Faida kubwa ya mfuko ni kwamba anayeacha kazi haondoki na hisa. Sisi Tanzania hatuna sheria iliyotungwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo wengi huchukua hisa kwa majina yao chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Idadi haiwi kikwazo: kampuni binafsi haitakiwi kuzidi wanahisa 50, lakini wafanyakazi hawamo kwenye hesabu hiyo. Tatizo linakuja baadaye. Fundi mwenye hisa akifariki, hisa zinaingia kwenye mirathi, na baada ya miaka kumi nusu ya kampuni iko mikononi mwa watu wasiowahi kushika mashine. Dawa yake iandikwe kwenye katiba ya kampuni siku ya kwanza: anayeondoka, kwa kustaafu, kuacha kazi au kifo, hisa zake zinauzwa kwa waliobaki, bei inapatikana kwa kanuni ileile kila mwaka, malipo yanakamilika ndani ya miaka mitatu. Kanuni ya bei isipoandikwa, warithi na wafanyakazi wataishia mahakamani.

Jambo jingine ninalolisimamia kwa nguvu ni vitabu kufunguliwa kabla ya saini. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, mstari kwa mstari, na mwendesha mashine aruhusiwe kuuliza kwa nini karatasi inanunuliwa kwa wakala yuleyule kila mwezi. Maswali ya namna hiyo huokoa fedha. Pia huonyesha mapema nani anafaa kuingia kwenye bodi, maana kumiliki hisa hakumfanyi kila mtu kuwa meneja. Meneja anabaki mmoja, na anawajibika kwa bodi waliyoichagua.

Mwisho kuna benki, na hapa nimeona mipango mizuri ikikwama. Mara nyingi mkopo wa kampuni umedhaminiwa na hati ya nyumba ya mwenye mali. Akishauza hisa, nyumba yake inaendelea kushikiliwa kwa deni la kampuni isiyo yake tena, na mama watoto ana haki kabisa ya kugoma kutoa ridhaa. Nendeni benki mapema, mwenye mali pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, mkiwa na hesabu za miaka mitano. Ombeni kwa maandishi dhamana ibadilishwe kuwa mitambo, au mkopo ulipwe kwanza kutoka kwenye faida kabla malipo ya hisa hayajaanza. Jibu la benki likija, ndipo mwanasheria aandae mkataba wa mauzo.