Je, wajua? Maktaba ya kidijitali inaweza kufunguka bila intaneti

Ikitajwa maktaba ya kidijitali kwa shule za wilaya za Kongwa, Bahi au Chemba, mkoani Dodoma, jibu huwa tayari mdomoni: kule mtandao unasuasua, bando ni ghali, hayo ni mambo ya mjini. Hoja nzito, ila imechanganya vitu viwili, Wi-Fi na intaneti.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayounganisha vifaa vilivyo jirani. Basi. Ile alama ya vipinde kwenye kioo cha simu inakuambia tu kwamba simu imeshikana na kifaa fulani kilicho karibu. Kama kifaa hicho nacho kimeunganishwa na dunia, hilo ni suala jingine kabisa. Majumbani na maofisini vyote viwili hutoka kwenye kisanduku kimoja, ndiyo maana mtu akikosa intaneti husema Wi-Fi imekufa, kumbe iko salama salimini.

Anayeishi Dodoma anaujua mgao wa maji. Yakitoka usiku, unajaza simtanki. Kesho yake bomba la mtaani ni kavu, lakini la jikoni linatiririka, na anayeosha vyombo wala haulizi maji yaliingia saa ngapi. Intaneti ndiyo bomba la mtaani. Simtanki ni kadi ya kumbukumbu iliyojazwa vitabu mara moja, mahali penye mtandao mzuri. Wi-Fi ni lile bomba fupi la kutoka tangini hadi jikoni. Tofauti ni kwamba tangi hili halipungui: wanafunzi kadhaa wakifungua kwa pamoja ukurasa uleule wa Biolojia, kitabu kinabaki kizima.

Mtambo wenyewe ni kompyuta ya ukubwa wa kiganja inayochomekwa kadi hiyo na kurusha Wi-Fi, kwa mfano Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012. Kwa kawaida inakula umeme usiofika wati 10, kwa hiyo paneli ndogo ya sola na betri vinaiendesha, na jua si kitu cha kukosa Dodoma. Programu ya bure ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hufungasha Wikipedia nzima ikasomeka nje ya mtandao; nyingine, Kolibri, hubeba video na mazoezi.

Maajabu yako kwenye ujazo. Kitabu cha hadithi chenye herufi 400,000 zilizochapwa kama maandishi matupu huchukua takribani MB 0.4. Kadi ya GB 128, ambayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ingebeba vitabu 320,000 vya namna hiyo. Usishangilie mapema, lakini. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinaweza kufika MB 40, na hapo hesabu inaporomoka hadi 3,200. Bado ni vingi kuliko rafu za shule nyingi, ila vyenye hakimiliki haviingizwi kiholela.

Je, wanafunzi watafaulu zaidi? Hapo tupunguze mwendo. Nchini Peru, utafiti wa shule 319 uliotolewa mwaka 2012 haukuona kompyuta ndogo walizogawiwa watoto zikipandisha alama za hisabati wala lugha. Kifaa kinafikisha kitabu. Kukisoma kunahitaji kipindi kwenye ratiba na mwalimu anayekitumia. Tena shule nyingi za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo lazima pawe na kompyuta au vishikwambi vya kusomea.

Kisha kuna kuchacha. Kilichojazwa mara moja hakijisasishi. Wikipedia iliyopakuliwa mwanzoni mwa 2018 itaendelea kuita Dodoma manispaa, maana hadhi ya jiji ilitangazwa Aprili mwaka huo. Kwa hiyo mtu mmoja, mara nyingi mwalimu wa TEHAMA, hana budi kuibeba kadi hadi mjini kila likizo akajaze upya.