Wimbo wa taifa uimbwe kwa lugha gani? Dhana potofu tunazobishania na ukweli wake

Juzi nilikuwa mahafali ya darasa la saba hapa Moshi, mtoto wa dada yangu mkubwa anamaliza. Watoto wakaimba wimbo wa taifa, tukakaa, na ile foleni ya pilau ndo ikageuka bunge. Baba mmoja anasema sisi Watanzania tuna bahati maana wimbo wetu ni wetu kila kitu, mwingine anasema wimbo wa taifa popote pale lazima uwe lugha ya walio wengi, mama mmoja nyuma yangu akasema nchi ikianza kuimba kwa lugha mbili tatu imeshaanza kugawanyika hiyo. Wote watu wazima na wasomi, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho sio kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa nalo kichwani, so acha niyaseme yote hapa.

Dhana: wimbo wetu ulitungwa kwa Kiswahili.

Hapana. Tuni yake na wazo lake ni la Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti kule Johannesburg, alitunga 1897 kwa Kixhosa, Nkosi Sikelel' iAfrika. Nkosi ni Bwana, sikelela ni bariki, sisi tukasema Mungu ibariki Afrika. Ukitaka ushahidi wa haraka sikiliza Taifa Stars wakicheza na Zambia, kama ile AFCON ya Januari 2024 tuliyotoka 1-1, tuni ya wimbo wao na wetu ni ileile ila wao maneno yao ni ya Kiingereza na yanaisema Zambia. Tuni moja, nchi mbili, lugha mbili, na hakuna Mzambia anayejiona anaimba wimbo wa mtu.

Dhana: uliwekwa kwa Kiswahili kwa sababu 1961 tunapata uhuru kila mtu alikuwa anaongea Kiswahili.

Hii inaniuma kidogo kwa sababu ya bibi yangu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, yule luteni wa jeshi, yuko juu ya Kilimanjaro na mwenge na bendera, bibi yuko chini huku Kibosho na lugha yake ni Kikibosho, Kiswahili alikuwa anakitumia akishuka sokoni Moshi mjini, basi. Na watu wakisema "Kichaga" wanadhani ni lugha moja, wakati mtu wa Machame na mtu wa Rombo kila mmoja akishika ya kwao hawafiki mbali. Ukienda Arusha unakuta Wameru na Waarusha na Wamaasai, kila mtu na lugha ya nyumbani. Nchi nzima makabila zaidi ya 120. Kiswahili kilikuwa na wenyewe pwani na visiwani, bara huku kwa wengi kilikuwa lugha ya pili au ya tatu, ya soko, ya shule, ya mikutano ya TANU.

Sasa ona, wimbo haukuchukua kile ambacho wananchi walikuwa wanaongea majumbani. Ulichukua lugha ambayo hakuna kabila kubwa la bara lingeweza kusema hii yangu, alafu watoto wakaiimba mstarini kila asubuhi mpaka ikawa yao. Bibi aliujifunza kwa watoto wake waliotoka nao shule. Yani kwetu wimbo ulitangulia, waimbaji wakaufuata.

Dhana: lazima iwe lugha inayoongewa na wengi.

Ireland wengi wanaongea Kiingereza kutwa nzima lakini wimbo wa taifa wanauimba Kiayrishi, na cha ajabu uliandikwa kwanza kwa Kiingereza ndo ukatafsiriwa. Singapore wimbo ni Kimalay, wakati Wamalay ni wachache pale, wengi ni wenye asili ya China, na ofisi na shule zinaenda kwa Kiingereza. India wanaimba shairi la mshairi wao Tagore la Kibengali kilichojaa maneno ya Kisanskriti, nchi ambayo Wabengali ni sehemu tu ya watu wake. Hizi nchi hazikukosea kuhesabu watu, ziliamua wimbo ubebe kitu kingine, Ireland ilitaka lugha iliyokuwa inapotea isipotee kabisa, Singapore ilijikumbusha iko katikati ya majirani gani.

Na wala huhitaji kwenda mbali, panda Hiace uende Arusha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, na wimbo wa Jumuiya uliopitishwa 2010 ni wa Kiswahili, Jumuiya Yetu, wakati mkataba ulioianzisha uliitaja lugha rasmi kuwa Kiingereza. Leo ndani kuna Sudan Kusini na Somalia, nchi ambazo raia wengi Kiswahili hawakijui. Ukisema wimbo ufuate kinachoongewa sa hivi basi huo ufutwe kesho. Mi nasema usifutwe, ila wafundishwe Kiswahili kweli, sio waimbishwe tu alafu kikao kiendelee kwa Kiingereza.

Dhana: lugha nyingi kwenye wimbo mmoja zinagawa nchi.

Kwa huyu mama wa foleni nilitamani tungekaa saa nzima. Afrika Kusini baada ya 1994 walikuwa na nyimbo mbili, ule wa Sontonga na ule wa serikali ya makaburu, na 1997 wakaziunganisha kuwa wimbo mmoja wa lugha tano. Unaanza Kixhosa, unaingia Kizulu, unaenda Kisesotho, alafu tuni inabadilika kabisa inakuja Kiafrikaans, mwisho Kiingereza. Fikiria mtu aliyepigwa virungu na polisi wanaoongea Kiafrikaans anasimama uwanjani anaimba kwa Kiafrikaans, na kaburu anaimba Nkosi ambayo wazazi wake waliiona ni ya wachochezi. Sio kitu chepesi hicho, na wapo hadi leo wanaotaka kile kipande kitolewe. Na lugha rasmi zao ni 12 sasa hivi, kwa hiyo Mvenda na Mtsonga bado lugha yao haimo. Haki kamili haipo hapo. Lakini kusema ndo kumeigawa nchi sio kweli, ugawanyiko ulikuwepo kabla, wimbo uliukuta.

Uswisi nao wana wimbo mmoja kwa lugha nne na maisha yanaenda. Canada ulianza kwa Kifaransa 1880, na maneno ya Kiingereza wanayoimba sio tafsiri, ni maneno mengine kabisa.

Dhana: kuutafsiri ni kuudharau. Kenya wana Kiswahili na Kiingereza tangu 1963 na wako salama. Marekani serikali yenyewe iliagiza tafsiri ya Kihispania mwaka 1945. Na kwa anayedhani bila maneno sio wimbo wa taifa, Hispania hauna maneno rasmi hata moja, uwanjani mashabiki wanaishia kuguna na tuni.

Dhana ya mwisho ndo iliyonifanya niandike: ukiimba kwa lugha unayoongea basi unaelewa unachoimba.

Pale pale mahafali, mpwa wangu mwingine, wa miaka nane, Kiswahili ndo lugha anayoota nayo, akanivuta shati. "Mjomba, wake kwa waume ni wake wa nani?" Nikakwama kidogo, alafu nikaelewa. Ubeti wa kwanza tunaimba "viongozi wake", maana yake viongozi wa Afrika. Ubeti wa pili tunaimba "wake kwa waume", na hapo wake ni wingi wa mke, yani wanawake na wanaume. Neno lile lile maana mbili, na mtoto amekuwa akiimba miaka miwili mitatu akidhani ni kitu cha mtu fulani. Nikamwambia ni akina mama na akina baba. Akasema, "na watoto ndo sisi?" Nikamwambia ndo nyie.

Huyo ni mtoto wa Kiswahili. Kuna mtoto Ngorongoro ambaye nyumbani ni Kimaasai tupu, anaimba hivyo hivyo mstarini, na anasahihishwa akikosea tuni, lakini maana ya maneno haulizwi. Dakika tano tu mwalimu angemwambia kwa lugha ya kwao nini maana ya dumisha na nini maana ya hekima, Kiswahili chetu hakitapungua kitu.

Kwenye daladala la kupanda Kibosho mpwa akauliza tena, ngao ni nini. Nikafungua picha ya nembo ya taifa kwenye simu, nikamwonyesha ile ngao ya katikati, mlima wetu upo chini yake, na chini kabisa kuna maneno. Akayasoma kwa kidole, Uhuru na Umoja. Akanyamaza kidogo, alafu akaanza ubeti wa pili kwa sauti ya chini, alipofika pale kwenye dumisha akanigeukia.