Khushuu ni nini, na hupotelea wapi?

Khushuu ni moyo kuhudhuria na kunyenyekea mbele ya Mwenyezi Mungu katika ibada, hata utulivu wake ukaonekana kwenye viungo. Hutajwa zaidi pamoja na swala. Suratul Muuminun inapoeleza waumini waliofaulu, sifa ya kwanza wanayopewa ni kwamba wana khushuu katika swala zao.

Wengi huichanganya na tumaanina. Tumaanina ni ya mwili: ukirukuu, yaani ukiinama, utulie mpaka kila kiungo kikae mahali pake ndipo uinuke, na vivyo hivyo kwenye itidali, yaani kisimamo cha baada ya rukuu, kwenye sijda na kwenye kikao cha kati ya sijda mbili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Mombasa tumesomeshwa tangu chuoni kwa Kurani, swala bila tumaanina haisihi. Mtu mmoja aliyeswali harakaharaka katika msikiti wa Madina alirudishwa na Mtume (s.a.w.) mara tatu: "Rudi ukaswali, kwani hujaswali."

Khushuu yenyewe wanazuoni wengi wanaihesabu kuwa sunna, si faradhi. Aliyeghafilika swala yake haibatiliki, wala hatakiwi kuirudia. Kinachopungua ni thawabu. Mkusanyaji wa hadithi Abu Daud amepokea kutoka kwa sahaba Ammar bin Yasir kwamba mtu huondoka kwenye swala yake akiwa hakuandikiwa ila fungu la kumi, au la tisa, au la nane, hivyo hivyo mpaka nusu.

Sasa mtazame mfanyabiashara wa Mtaa wa Biashara adhana ya Adhuhuri ikilia. Mlango wa duka ameurudisha nusu, mteja wa leso amesema yuaja sasa hivi, makubadhi mapya ameyaacha mlangoni pa msikiti, na simu imo mfukoni mwa kanzu. Amefunga takbira, yaani swala ameianza, lakini hesabu za asubuhi anazimalizia rakaa ya pili. Mbele yake kasimama kijana aliyevaa jezi, na mgongoni mna jina na namba. Analisoma. Imamu akitoa salamu, ukimuuliza kama Alhamdu, yaani Suratul Fatiha, aliisoma yote, hana uhakika.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kuswali na nguo yenye nakshi, na alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm, aletewe badala yake ile nguo yake nzito isiyo na mapambo, kwa kuwa nakshi zile zilimshughulisha. Pazia la Bi Aisha lililokuwa na picha naye alitaka liondolewe, kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia akiswali. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim: hakuna swala chakula kikiwa tayari, wala mtu akiwa amebanwa na haja ndogo au kubwa. Katika yote hayo hakuna aliyeambiwa ajikaze asitazame au asihisi njaa. Kinachoshughulisha huondolewa. Ndiyo maana mimi naona nusu ya khushuu hupatikana kabla ya takbira: choo kwanza, viatu utie mfukoni uingie navyo, jezi ivae uwanjani. Na duka ulifunge kweli, si nusu.

Simu ina fiqhi yake, yaani hukumu zake za kisheria. Ikilia ndani ya swala, kuingiza mkono mfukoni na kuizima ni harakati ndogo, haibatilishi. Kwa Shafi kinachobatilisha ni harakati nyingi za kufuatana, kuanzia tatu. Anayeiacha iimbe taarabu kuanzia rukuu hadi salamu, eti anaogopa kuharibu swala yake, ameshaziharibu za safu nzima.

Mawazo ni jambo jingine, maana hayana swichi. Sahaba Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa shetani anamchanganyia kisomo chake, akaambiwa huyo ni shetani aitwaye Khinzab, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na ateme kidogo kushotoni mara tatu. Alifanya hivyo, likamwondokea. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, naye alisema kuwa hupanga jeshi lake akiwa ndani ya swala. Basi wazo kupita halina lawama. Lawama huanza unapolikaribisha, ukalikalisha na kulimiminia kahawa.

Mwanazuoni Imam Ghazali alitaja mambo sita yanayoipa swala uhai: kuhudhuria kwa moyo, kufahamu, kutukuza, kuogopa, kutarajia na kuona haya. Hapo kwenye kufahamu ndipo wengi wetu tumekwama, na ndipo rahisi kuanzia. Mtu ana miaka hamsini akisoma Attahiyyatu ya kwenye kikao aliyohifadhi chuoni na hajawahi kuuliza maana yake. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyewahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, si adimu kuipata. Aanze na Alhamdu, aya moja moja. Hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, iliyopokewa na Muslim, inasema aya za sura hiyo hujibiwa: mja akisema "Alhamdu lillahi Rabbil alamin", Mwenyezi Mungu husema, "Mja wangu amenihimidi." Ajuaye hilo hawezi kuisoma Alhamdu yote kwa pumzi moja.

Wapo pia wanaodhani khushuu ni kutosikia chochote. Mtume (s.a.w.) alisema huingia kwenye swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua uchungu anaoupata mamake. Umama, mjukuu wake, alimbeba akiwaswalisha watu: akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Wazee wanaowafukuza watoto kwenye tarawehe kwa hoja ya khushuu watafute dalili nyingine.